Kanga Aliyefunika Nusu ya Shamba

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na shamba!

La nani?

— Hapo ndipo penye ugomvi!

Basi kaeni vizuri. Na wewe mwenye bisi mkononi, zitafune polepole, maana ngano hii huniuma kila ninapoisimulia.

Hapo zamani, zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakilima kwa majembe na kupika kwa vyungu, alikuwako Kanga mmoja, mjane. Mumewe aliliwa na mbweha wakati wa kiangazi. Akamwachia vifaranga saba na jembe moja. Shamba hakumwachia, kwa kuwa hakuwa nalo.

Katika nchi hiyo hiyo alikuwako Ngiri. Ngiri alikuwa na mashamba matatu: shamba la kichuguuni, shamba la bondeni, na shamba la njia panda. Yote matatu aliyapanda mahindi. Mwaka huu mahindi, mwaka ujao mahindi, mwaka wa tatu mahindi. Akishavuna hukusanya mabua, akayatia moto, akasimama kutazama moshi huku amejishika kiuno.

"Shamba langu sasa ni safi," husema.

Safi! Lilikuwa safi kama sufuria iliyokombwa.

Ardhi ikachoka. Mahindi yakaanza kuota membamba, ya manjano, yenye vigunzi vya kidole gumba. Kisha kikaingia kiduha, kile kigugu chenye maua mazuri ya zambarau ambacho hunyonya mahindi huko huko mizizini, kabla hujakiona juu. Shamba la kichuguuni lilipofika hapo, Ngiri alimwendea Kanga.

"Shemeji Kanga," alisema, "marehemu alikuwa rafiki yangu. Siwezi kuona watoto wake wanalala njaa. Nakuazima shamba la kichuguuni. Lima, ule."

Kanga alikuwa na haya. Sauti yake ilikuwa ndogo, na akisema mbele ya wakubwa alitazama chini. Akapiga goti, akashukuru. Alipofika shambani akashika udongo. Ukamwagika katikati ya vidole vyake kama majivu.

Fuko akatoa kichwa shimoni. Fuko haoni vizuri, lakini hakuna anayeijua ardhi kuliko yeye.

"Mama Kanga, umepewa nini hiki?"

"Nimeazimwa shamba."

"Shamba gani? Mimi huku chini nimetembea siku nzima sijakutana na mnyoo hata mmoja. Hata wa kusalimiana naye! Hili si shamba, hiki ni kidonda."

"Kidonda hufunikwa," alisema Kanga.

Hakupanda mahindi. Alipanda ngwara, ile ndugu ya kunde na fiwi, inayotambaa ikaijaza nchi. Vifaranga walimfuata nyuma, kila mmoja akidondosha mbegu katika shimo lake, na mama yao akiimba:

*Funika, ngwara, funika,*
*Jua lisiichome ardhi.*
*Shuka, mzizi, shuka,*
*Rudisha kilicholiwa.*
*Tulia, tumbo, tulia,*
*Msimu wetu unakuja.*

Ngwara ikaota. Ikatambaa. Ikafunika. Kiduha kilipojaribu kuchipua hakikukuta mzizi wa mahindi wa kunyonya, kikafa kwa njaa yake chenyewe. Majani ya zamani yalianguka yakaoza, na chini yake udongo ukabaki na unyevunyevu hata jua lilipokuwa kali. Kanga aling'oa mche mmoja akawaonyesha watoto mizizi.

"Mnaona hivi vinundu? Vidogo kama punje za mtama. Pasueni kimoja."

Wakapasua. Ndani kilikuwa chekundu.

"Huku ndiko ngwara inakoweka chakula cha ardhi," alisema Kanga. "Mahindi hula tu. Ngwara hula, tena hurudisha. Msimu huu sisi tunailisha ardhi. Msimu ujao ardhi itatulisha sisi."

Na jambo jingine. Mwewe alipopita juu, vifaranga walikimbia chini ya ngwara, kimya. Mwewe akazunguka, akazunguka, akaenda zake. Hakuona kitu.

Ikakaribia masika. Ngiri akaja kutembea. Akafukua kidogo kwa pua. Udongo ulikuwa mweusi, unanukia mvua. Akafukua tena. Mnyoo akatoka. Ngiri akameza mate.

Siku ya pili alirudi na baraza. Mwenye baraza alikuwa Pofu, swala mkubwa wa mwili, mpole wa maneno. Nyuma yake alikuwa Nyani, ambaye alikula kwa Ngiri kila Ijumaa.

"Tazameni," alisema Ngiri. "Nimemwazima mjane shamba, naye amelijaza majani."

Sasa sikilizeni desturi ya nchi ile. Ilisema hivi: shamba lisilo na nafaka limetupwa, na shamba lililotupwa hurudi kwa mwenyewe. Basi. Hawakuhesabu kunde, hawakuhesabu ngwara, hawakuhesabu mbaazi. Hizo kwao zilikuwa mboga za wanawake, za kupanda nyuma ya jiko.

Pofu akatazama kushoto, akatazama kulia. "Nafaka siioni, mama."

"Mzee wangu," Kanga alisema kwa sauti ile ndogo, "nilikuwa naitibu ardhi. Mahindi napanda mvua hizi hizi. Ilikuwa imekufa..."

"Ilikuwa imechoka tu," alisema Ngiri. "Sasa imepumzika yenyewe. Kwani usingizi nao unahitaji fundi?"

Nyani akacheka mpaka akajipiga paja. "Fundi wa usingizi! Hii mpya!"

"Desturi ni desturi," alisema Pofu. "Mama, chukua jembe lako."

Kanga akachukua jembe lake. Ngiri akafukia ngwara ile ile, akapanda mahindi, akavuna mpaka ghala likapasuka ubavu. Alimpa Kanga hata kigunzi? Hakumpa.

Kanga na watoto wakawa wanapekua mbegu njiani, mahali peupe. Siku ya tatu mwewe akashuka. Vifaranga saba wakawa sita.

Mnanyamaza? Nyamazeni. Mimi pia hunyamaza hapo.

Mwaka wa pili shamba la bondeni likachoka. Ngiri akaja, hana hata haya usoni.

"Shemeji, yale ya mwaka jana yamepita. Desturi ndiyo iliyokuondoa, si mimi. Chukua bondeni."

Mngekuwa nyinyi mngekataa, sivyo? Ni rahisi kukataa ukiwa umeshiba. Kanga alikuwa na watoto sita. Akachukua.

Akapanda ngwara. Lakini safari hii alikuwa amejifunza. Pembezoni mwa shamba alipanda mstari mmoja wa mtama, uonekane, baraza wakija wahesabu nafaka yao. Akaimba:

*Funika, ngwara, funika,*
*Jua lisiichome ardhi.*
*Shuka, mzizi, shuka,*
*Rudisha kilicholiwa.*
*Tulia, tumbo, tulia,*
*Msimu wetu unakuja.*

Ngwara ikaota. Ikatambaa. Ikafunika. Mtama nao ukasimama, umebeba masuke mekundu. Ngiri akaja, akafukua, akaona udongo mweusi. Kisha akauona mtama. Akakuna shavu.

Asubuhi ya baraza, Kanga alipofika shambani mtama haukuwepo. Umeng'olewa wote, mashimo yamebaki, na kando ya kila shimo kuna alama za kwato za ngiri.

"Mzee Pofu, tazama! Hapa palikuwa na mtama. Hizi nyayo ni za nani?"

Pofu akainama akatazama. Akatazama kwa muda mrefu. Alijua. Nawaambia alijua! Lakini Ngiri alikuwa mwenye mashamba matatu, na Kanga alikuwa Kanga.

"Nyayo hazisemi zilikuja kufanya nini," alisema Pofu. "Huenda mwenye shamba alikuja kutembea. Nafaka siioni, mama."

"Shemeji," alisema Ngiri kwa huruma ya uongo, "ukulima si kazi ya kila mtu. Ungetaga mayai."

Nyani akacheka. Kanga akachukua jembe lake. Ngiri akapanda mahindi bondeni, akavuna. Na njiani, mahali peupe, mwewe akashuka tena. Vifaranga sita wakawa watano.

Siku hiyo Kanga hakulia. Aliketi karibu na shimo la Fuko, manyoya yamemsimama shingoni.

"Fuko, wananiambia ardhi imepumzika yenyewe."

"Nimesikia. Ningekuwa na macho ningewakodolea."

"Mara mbili nimeilisha kwa mikono yangu. Mara mbili wamekula wao, na mimi nimelipa kwa watoto wangu. Na bado wananicheka! Haya nilizaliwa nayo, Fuko, lakini haya hii sasa inanichoma."

"Utafanya nini?"

"Nitawapa wanachokiamini."

Mwaka wa tatu shamba la njia panda likachoka. Kiduha kikajaa, zambarau tupu. Ngiri akaja, tumbo mbele.

"Shemeji..."

"Nimekubali," alisema Kanga kabla hajamaliza.

Shamba la njia panda lilipitiwa na kila mtu: waendao kisimani, waendao mnadani, watoto, wazee. Na wote walishangaa. Kanga alipanda ngwara nusu tu. Nusu ya pili aliiacha vilevile, haikulimwa, haikupandwa, imelala kwenye jua. Katikati, kutoka ukingo hadi ukingo, Fuko alipita chini kwa chini akiinua vichuguu vidogo, kimoja kimoja, mpaka vikafanya mstari ulionyooka kama kamba.

"Mwaka huu Kanga kaishiwa nguvu," walisema wapita njia.

"Kaishiwa akili," alisema Nyani.

Wakati wa kuimba, vifaranga watano waliimba upande mmoja tu. Wakifika kwenye mstari wa vichuguu, wananyamaza.

Ikakaribia masika. Ngiri akaja na baraza kama kawaida. Pofu akafungua kinywa kusema maneno yake ya siku zote, Kanga akamtangulia.

"Nafaka hamuioni. Shamba limetupwa. Lirudi kwa mwenyewe. Jembe langu hili hapa, nimeshalichukua."

Ngiri akashtuka kidogo. "Leo hulii, shemeji?"

"Sina la kulia, Mzee Ngiri."

"Na hii nusu, mbona hukuijaza majani yako?"

"Umesema mara mbili mbele ya baraza kwamba majani yangu hayafanyi kitu, ardhi hupumzika yenyewe. Basi nusu hii nimeiacha ipumzike kama unavyopenda. Panda zote mbili. Lakini naomba kitu kimoja tu, na Mzee Pofu awe shahidi: mstari wa Fuko usifutwe mpaka mavuno."

"Mstari wa uchafu wa fuko? Ubaki!" Ngiri akacheka, na Nyani akacheka kwa kuwa Ngiri amecheka.

Nyani ndiye aliyepewa kazi ya kupanda. Mbegu za kapu moja, siku moja, upande huu na upande ule. Mvua ikanyesha, nayo haikuchagua upande.

Wiki ya kwanza mahindi yalilingana. Nyani akapita akimzomea Kanga. Wiki ya tatu mahindi ya upande wa ngwara yalianza kuwa na rangi nzito ya kijani. Wiki ya sita yalikuwa yamempita Nyani kimo, na upande wa pili yalikuwa yanamfika magotini, ya manjano, na chini yake maua ya zambarau yakimcheka kila mtu. Na mahali yalipobadilika palikuwa pale pale kwenye mstari wa vichuguu. Si hatua moja mbele, si hatua moja nyuma.

Waendao kisimani wakasimama. Waendao mnadani wakashusha mizigo. Ngiri akaja asubuhi na mapema afute mstari ule kwa pua, akakuta watu wameshajaa. Na mahindi yenyewe, angeyafuta kwa kitu gani?

Akafanya wafanyalo walioshindwa. Akapiga kelele.

"Mchawi! Kanga ameniroga! Ameroga nusu ya shamba langu!"

Baraza likaitwa hapo hapo, njia panda. Kanga akasimama mbele. Safari hii hakutazama chini.

"Nina maswali manne," alisema, "na simuulizi rafiki yangu yeyote. Namuuliza Nyani. Nyani, mbegu ulitoa wapi?"

Nyani akamtazama Ngiri. "Kwenye kapu la Ngiri."

"Makapu mangapi?"

"Mmh... moja."

"Ulipanda siku ngapi?"

"Moja."

"Upande huu mbolea uliweka, na upande ule hukuweka?"

"Mbolea ningeitoa wapi, mama? Huyu mwenyewe hata uji wa kazini alinipa baridi!"

Watu wakaangua kicheko. Ngiri akamwonyesha Nyani meno, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Ardhi ni ya Ngiri pande zote mbili," alisema Kanga. "Mbegu ni za Ngiri. Mkono ni wa Nyani. Mvua ni ya Mungu. Sasa niambieni nyinyi wenye baraza, tofauti hii ni ya nani?"



Fuko akatokea upande wa manjano, amejaa vumbi hadi masikioni, anakohoa. Akazama, akatokea upande wa kijani, amelowa, mnyoo ananing'inia mdomoni. "Samahani," alisema, "mimi naendelea kula."

"Ni uchawi!" Ngiri alipiga tena kelele.

Hapo sauti ya Kanga, ile ndogo, ikapasuka. Na mpaka leo haijarudi kuwa ndogo. Mkipita porini mtaisikia.

"Kama ni uchawi, uchawi wangu ni jembe na mbegu za ngwara, na nitamfundisha kila aliyesimama hapa bila kumficha kitu! Wewe Ngiri umelisha nani maisha yako yote? Ardhi imekupa, ukachoma hata mabua iliyotaka kujifunika nayo! Ukaiua, ukanipa mimi maiti, nikaifufua, ukaninyang'anya. Na nyinyi wenye baraza! Macho yenu yanahesabu kilicho juu tu. Chini kinakotoka chakula chenu hamkutazami. Mtama wangu uling'olewa, mkaona kwato, mkasema kwato hazisemi. Mimi nilikuwa na watoto saba. Hesabuni hawa!"

Watu wakahesabu. Watano.

Pofu aliinamisha pembe zake mpaka zikagusa vumbi. Kisha akasema:

"Desturi yetu ilikuwa ya kijinga, na mimi niliyeishika nilikuwa mwoga. Nyayo zile niliziona. Kuanzia leo, ngwara na kunde na mbaazi ni mazao kama mtama ulivyo mazao. Na aliyeilisha ardhi ya mwenzake msimu mmoja, atakula misimu miwili kabla mwenye ardhi hajafungua kinywa. Mahindi ya kijani ni ya Kanga. Mahindi ya manjano ni ya Ngiri. Na mashamba ya kichuguuni na bondeni, Kanga atalima humo misimu yake miwili miwili, aliyonyimwa."

Watu wakapiga vigelegele. Nyani naye akapiga, tena kwa nguvu kuliko wote, si mnamjua.

Akatokea mzee mmoja wa baraza akamwambia Kanga, "Haya, mama, piga goti ushukuru. Umepewa mashamba."

Kanga akamtazama.

"Sijapewa," alisema. "Nimerudishiwa. Na wawili hamkunirudishia."

Hakupiga goti. Akaita watoto wake, wakaingia katika mahindi yao.

Kanga alikula mahindi msimu ule. Uliofuata akafunika kwa ngwara, uliofuata mahindi, kisha kunde, kisha mahindi, na mabua hakuyachoma kamwe. Aliyalaza chini yaoze. Watu walikuja kuomba mbegu, naye aliwapa, mradi wakae kwanza wasikilize namna ya kupanda.

Na Ngiri? Ngiri aliambiwa afunike nusu yake ya manjano msimu mmoja tu. Akasema, "Mimi, mwenye shamba, nipande mboga za nyuma ya jiko?" Akapanda mahindi. Kiduha kikala. Akapanda tena. Kiduha kikala tena. Mara ya tatu hata kiduha hakikuota. Ghala likawa tupu, na Ngiri akaanza kutafuta mizizi ya kutafuna. Ardhi ilikuwa ngumu, hakuweza kuifikia amesimama. Ikambidi apige magoti. Mkimwona ngiri malishoni hadi leo, mtazameni miguu ya mbele: anakula amepiga magoti.

Jamani, ngano hii inatufundisha kwamba ardhi ni kama mama anayenyonyesha: ukitaka akulishe, naye mlishe. Usipande kilekile kila msimu. Baada ya nafaka weka ngwara, weka kunde, weka mbaazi, ardhi ijifunike na kurudishiwa. Na inatufundisha jingine, nalo msilisahau mkienda kulala: aliyeifufua ardhi usimfukuze siku ya mavuno. Ni dhuluma, hata desturi ikiiita haki.

Ngano yangu imefika mwisho wa tuta. Aliyeipenda achukue mbegu akapande, asiyeipenda aniachie maganda nikawashie moto.

— Tumechukua mbegu!

Basi kapandeni.